Mashine Nayo Itoe Sababu: Akili Unde Mbele ya Sheria

Hotuba hii ilitolewa mjini Tanga, katika mkutano wa wasaidizi wa kisheria, mawakili na wanafunzi wa sheria. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Waheshimiwa mahakimu, mawakili wenzangu, wasaidizi wa kisheria mliotoka Pangani, Muheza, Korogwe, Handeni na Lushoto, wanafunzi wetu, nanyi wakazi wa Tanga mliosikia tangazo mkaacha shughuli zenu: habari za asubuhi. Asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie akili unde katika sheria, yaani programu za kompyuta zinazokadiria, kuandika au kuamua kama afanyavyo mtu. Wengine mnaiita akili mnemba. Leo tusigombanie jina. Nina jambo moja tu la kusema, na nitalisema mapema ili hata mwenye kuwahi gari la Lushoto aondoke nalo. Uamuzi unaogusa haki ya mtu lazima uje na sababu. Sababu hizo ziwe za kweli. Na zisemwe kwa lugha anayoielewa yule anayeguswa. Uamuzi ukitolewa na hakimu, uje na sababu. Ukitolewa na mashine, uje na sababu. Mashine isiyoweza kutoa sababu isikalie kiti cha kuamua.

Najua wapo watakaosema: wewe wakili, mambo ya kompyuta waachie watu wa kompyuta. Nami nawauliza: mteja wangu akinyimwa dhamana kwa sababu ya alama iliyotoka kwenye kompyuta, nitamwambia nini? Kwamba tuwaulize watu wa kompyuta? Hilo ni jambo la haki, na haki ndiyo kazi yetu.

Tuanze nyumbani. Kanuni ya 4 ya Amri ya XX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka hukumu iwe na maelezo mafupi ya shauri, hoja zinazobishaniwa, uamuzi juu ya hoja hizo, na sababu za uamuzi. Kwenye kesi za jinai ni hivyo hivyo. Hakimu akiandika "mdai ameshinda" akaweka saini na kuinuka, hiyo si hukumu. Huenda hakimu huyo ni mwadilifu. Huenda hata amepatia. Lakini aliyeshindwa atakata rufaa juu ya nini? Ataliambia nini jopo la majaji? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Ukimnyima mtu sababu, umempa rufaa isiyo na kitu ndani.

Sasa nataka niwakumbushe kesi moja ambayo mawakili wote humu mmeisoma, lakini wengine huenda hamjaisikia. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983. Mume na mke wameachana. Mke anadai sehemu ya nyumba iliyopatikana wakati wa ndoa. Mume anasema nyumba ni ya fedha zangu, yeye hakuwa na kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mali igawanywe kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Basi swali likawa: mama anayepika, anayefua, anayelea, anayeilinda nyumba mume akiwa kazini, je, huyo amechangia? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika juu ya swali hilo. Wapo waliosema mchango ni fedha au jasho lililoingia moja kwa moja kwenye mali. Wapo waliosema hapana, kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema wazi: kazi za mke nyumbani ni mchango. Ni kazi, na ina thamani mbele ya sheria.

Je, mnajua kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa? Ndiyo, alishindwa. Kwa mambo mengine ya kesi yake, mahakama iliona kwamba hakustahili zaidi ya alichokwisha kupata, rufaa yake ikakataliwa. Alitoka mahakamani mikono mitupu. Lakini tangu siku hiyo, kila mama anayesimama mbele ya hakimu Tanzania akisema "mimi nilikuwa mama wa nyumbani", anasimama juu ya zile sababu. Matokeo yalikuwa ya Bi Hawa. Sababu zimekuwa zetu sote, zaidi ya miaka 40 sasa.

Hebu fikirini kama shauri lile lingeamuliwa na mashine. Unaingiza maelezo ya ndoa, unaingiza mali, unabonyeza. Mashine inatoa jibu: mke, asilimia sifuri. Jibu ni lile lile! Bi Hawa angeshindwa vile vile. Lakini sisi wengine tungebaki na nini? Tungebaki na sifuri. Hakuna ambaye angejua kwamba kazi ya jikoni imepimwa na kukubalika. Sheria isingesogea hata hatua moja. Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, wanaotuuzia mifumo hii kwa kusema "inapatia kwa kiwango kikubwa" wanajibu swali ambalo si letu. Hata hakimu asiyetoa sababu anaweza kupatia.

Na sababu peke yake haitoshi kama mwenye kesi haielewi. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa nje. Kwa miaka mingi, ukitoka Mahakama ya Mwanzo ukapanda juu, mshitakiwa alizungumza Kiswahili, shahidi akazungumza Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, na hukumu ikaandikwa Kiingereza. Sababu zilikuwepo, tena nyingi, zimepangwa vizuri. Mzee anatoka nje ya mahakama na karatasi mkononi, anamfuata karani: mwanangu, nimefungwa au nimeachiwa? Ndipo mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Bado safari ni ndefu, mnajua ninyi. Lakini msingi umewekwa: haki inayotolewa isikike kwa anayepewa. Basi na mashine tuipime kwa kipimo hicho. Mtaalamu akija akatuonyesha jedwali la namba akasema "haya ndiyo maelezo ya uamuzi", tumwulize: mama wa Mkinga ataelewa? Kama haelewi, bado hamjaeleza.

Sasa nizungumze juu ya mashine iliyofunga mdomo.

Huko Marekani, katika jimbo la Wisconsin, mji wa La Crosse, mwaka 2013, mtu mmoja aitwaye Eric Loomis alikamatwa akiendesha gari lililokuwa limetumika katika tukio la kufyatua risasi. Alikiri makosa mawili madogo zaidi: kumkimbia polisi, na kuendesha gari bila ruhusa ya mwenyewe. Kabla ya kutoa adhabu, jaji aliletewa ripoti, na ndani yake kulikuwa na alama za programu iitwayo COMPAS. Programu hiyo inakadiria uwezekano wa mtu kurudia uhalifu. Kwa Loomis, alama zilisema hatari ni kubwa. Jaji akazitaja alama hizo wakati anampa kifungo cha miaka 6.

Loomis akauliza swali ambalo mimi na wewe tungeliuliza: alama hii imepatikanaje? Nini kimepewa uzito gani? Jibu likawa: hiyo ni siri ya biashara ya kampuni. Siri ya biashara! Mtu anakwenda jela, na sehemu ya yaliyompeleka imefungwa kwenye kabati la mfanyabiashara. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin ilikataa rufaa yake. Ilisema alama zinaweza kutumika, mradi zisiwe ndizo zinazoamua, na ripoti iwe na tahadhari kwa maandishi kuhusu udhaifu wake. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri hilo.

Mimi sikubaliani na uamuzi huo, na nasema hivyo kwa heshima. Tahadhari kwenye karatasi haimsaidii mshitakiwa. Unamwambia jaji "angalia, chombo hiki kina kasoro", halafu humwonyeshi kasoro iko wapi katika kesi hii. Afanye nini na onyo hilo?

Mwaka huo huo wa 2016, waandishi wa habari wa ProPublica walichukua alama za COMPAS za watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida, wakafuatilia nani kweli alirudia kosa ndani ya miaka miwili. Wakakuta kwamba miongoni mwa watu ambao hawakurudia kosa, weusi walikuwa wamepewa alama ya hatari karibu mara mbili zaidi ya weupe. Kampuni ilibisha, ikasema ukipima kwa njia nyingine programu haina upendeleo, na wanahisabati wakaingia kwenye ubishi huo kwa miaka. Lakini ubishi wenyewe uliwezekana tu kwa sababu watu wa nje walizipata takwimu. Mshitakiwa mmoja mmoja, akiwa na wakili mmoja, asingeweza kamwe.

Halafu sikilizeni hili, maana ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo cha Dartmouth, Julia Dressel na Hany Farid, waliilinganisha COMPAS, ambayo inaweza kutumia hadi vigezo 137 juu ya mtu, na kanuni fupi yenye vitu viwili tu: umri wa mtu, na idadi ya makosa aliyowahi kutiwa hatiani. Usahihi ukawa karibu sawasawa! Zote zilipatia kiasi cha mara 65 hivi katika kila 100. Mnaelewa maana yake? Vitu viwili vile unaweza kuviandika ubaoni. Hakimu anaviona, mshitakiwa anaviona, wakili anasimama na kusema, "Mheshimiwa, kosa la pili halikuwa la mteja wangu, majina yamefanana." Kwa hiyo usiri ule haukununua usahihi wowote. Walilipa kwa haki ya mtu kujitetea, wakapata kitu ambacho kingepatikana bure mchana kweupe.

Yupo mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Cynthia Rudin, ambaye mwaka 2019 aliandika akiwasihi wenzake: katika mambo mazito, acheni kutengeneza mashine iliyofungwa na kisha kuitafutia maelezo baadaye, tengenezeni mashine inayoeleweka tangu mwanzo. Maana zipo zana, kama LIME na SHAP, zinazokaa nje ya mashine na kukadiria nini huenda kiliisukuma kuamua hivi au vile. Zina faida yake kwa mtengenezaji anayetafuta kasoro. Lakini ni makadirio. Na makadirio ya sababu, mbele ya mahakama, si sababu. Naungana na Rudin kwa asilimia mia.

Msiseme hayo ni ya Marekani. Kijana wa bodaboda hapa Chumbageni anaomba mkopo kwenye simu. Anajibiwa kwa ujumbe mfupi: "Samahani, hujatimiza vigezo." Vigezo gani? Hajui. Anayepokea simu ya huduma kwa wateja naye hajui. Mfumo umekataa. Jirani yake mwenye kipato kile kile amekubaliwa. Leo ni mkopo wa shilingi elfu hamsini. Kesho ni bima, kesho kutwa ni ajira, na siku moja ni dhamana.

Nije kwenye mashine ya aina nyingine, yenye maneno mengi. Hii ndiyo iliyomo kwenye simu zenu, na hii naiogopa zaidi, kwa sababu ile ya kwanza inakunyima sababu na unajua umenyimwa. Hii inakupa sababu kwa ufasaha, na huenda hazipo duniani.

New York, mwaka 2023. Abiria aitwaye Roberto Mata anaishitaki kampuni ya ndege ya Avianca, akidai kigari cha kugawia chakula kilimuumiza goti ndani ya ndege. Upande wa ndege unasema muda wa kufungua madai umepita. Mawakili wa Mata wanajibu kwa maandishi yaliyojaa kesi rejea: majina ya wahusika, namba za kesi, majina ya majaji, hata nukuu. Wakili wa upande wa pili anatafuta kesi hizo, hazioni. Jaji Kevin Castel anatafuta, hazioni. Hazikuwepo! Wakili mwenye uzoefu wa miaka 30 alikuwa ameiuliza programu ya mazungumzo iitwayo ChatGPT, nayo imezibuni.

Lakini kuna kipande cha kisa hiki ambacho watu hukiruka. Wakili yule aliingiwa na wasiwasi. Akaiuliza ile programu: kesi hii ni ya kweli? Ikamjibu kwamba ni ya kweli, na kwamba anaweza kuipata kwenye hazina za kesi zinazojulikana. Yaani alidai uthibitisho, akapewa uthibitisho, kutoka kwa yule yule anayetuhumiwa. Jaji aliwatoza yeye, mwenzake na ofisi yao faini ya dola 5,000, na akasema kutumia teknolojia si kosa. Kosa ni kuiacha kazi ya wakili ya kuhakiki anachokileta mahakamani.

Kwa nini mashine ilifanya hivyo? Wala haikukusudia kudanganya. Programu hizi zimejengwa kwa kusoma maandishi mengi mno na kujifunza neno gani linaelekea kufuata neno gani. Ukiiuliza kesi, inatoa maneno yanayofanana na kesi. Ukiiuliza sababu, inatoa maneno yanayofanana na sababu. Haijarudi nyuma kuangalia ilivyoamua, inatunga upya. Nani kati yetu angemwamini shahidi ambaye kila ukimuuliza "umejuaje?" anatunga hadithi mpya, kwa sauti ile ile ya utulivu?

Mimi nimeijaribu kwa Kiswahili. Niliuliza programu moja ya mazungumzo: nina mgogoro wa mpaka wa shamba Muheza, jirani amehamisha alama, niende wapi? Ikajibu kwa Kiswahili kizuri sana, hata nikafurahi. Nenda Baraza la Kata, ikasema, litasikiliza pande zote mbili na kutoa hukumu. Nikaiuliza kwa nini Baraza la Kata. Ikanipa sababu, zikapangwa vizuri, na sheria ikatajwa kwa jina lake.

Wasaidizi wa kisheria mnatikisa vichwa, mmeshaona. Jibu hilo lilikuwa sahihi zamani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, linathibitisha hivyo, na mwenye madai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mashine ilisoma maandishi ya miaka mingi ambamo Baraza la Kata linahukumu, na maandishi hayo ni mengi kuliko yale machache ya baada ya 2021. Ikafuata wingi.

Sasa mchukueni yule mama mwenye shamba la machungwa, amemtuma mjukuu aulize kwenye simu. Anakwenda Barazani anasubiri hukumu. Anapata karatasi, anadhani ameshinda. Anaishika miezi. Jirani anakwenda Wilayani na wakili, na karatasi ya mama inaonekana haina nguvu. Nani atajibu? Mjukuu? Kampuni iliyoko ng'ambo ya bahari? Ndugu zangu, hapo ndipo kazi yenu inapozidi thamani. Mtu akikuletea jibu la simu, usimdharau, amejitahidi. Mwambie: tuitafute sheria yenyewe, tuitafute kesi yenyewe. TanzLII, hazina ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Tanzania, iko wazi, haina malipo. Kesi isiyopatikana, usiitumie. Kifungu ambacho hujakisoma kwa macho yako, usikitaje.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mashine hizi zina kazi nzuri. Mahakama yetu imeanza kutumia mfumo wa kunukuu yanayosemwa mahakamani na kuyatafsiri, ili hakimu asiandike kwa mkono ukurasa kwa ukurasa. Ninyi mliowahi kungoja nakala ya mwenendo wa shauri ili mkate rufaa mnajua uchungu wake. Ibara ya 107A ya Katiba inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Naliunga mkono jambo hili.

Naliunga mkono kwa sharti la kuhakiki. Shahidi wa Pangani anasema, "Nilimwona saa mbili usiku." Kila mtu humu anajua ni saa ngapi. Lakini tafsiri ikiandika kwa Kiingereza saa mbili kwa hesabu yao, tayari tumeingia usiku wa manane, na mshitakiwa ambaye saa mbili ile alikuwa msikitini, mbele ya watu, sasa hana utetezi. Shahidi wa milimani anachanganya Kisambaa katikati ya sentensi. Wa Mkinga anaingiza Kidigo. Mfumo utaandika nini? Kwa hiyo sauti yenyewe itunzwe. Nakala isomwe kwa shahidi aithibitishe, kama tulivyozoea siku zote. Na pakitokea ubishi, sauti isikilizwe, na sauti ndiyo iwe ya mwisho.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ya kilichotokea Uingereza. Posta ya huko ilifunga mfumo wa hesabu uitwao Horizon kwenye matawi yake tangu mwaka 1999. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Wenye matawi, watu wa vijijini wanaoheshimika, wakaambiwa: kompyuta inasema umeiba. Wakipiga simu kuomba msaada, wengi wao waliambiwa ni wewe peke yako mwenye tatizo hili. Na sheria ya huko ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Athibitishe vipi, na mfumo si wake, kumbukumbu si zake, wataalamu si wake? Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Mwanamke mmoja alipelekwa gerezani akiwa mjamzito. Wapo waliofilisika. Wapo waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ikasema mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria maalumu ya kufuta hatia hizo kwa pamoja.

Horizon haikuwa hata akili unde. Ilikuwa programu ya hesabu ya kawaida! Kama hesabu za kujumlisha na kutoa zilifunga watu kwa miaka yote ile kwa sababu hakuna aliyethubutu kuihoji kompyuta, itakuwaje kwa mashine ambayo hata aliyeitengeneza hawezi kusema kwa nini imetoa jibu hili?

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina busara hapa. Kifungu cha 18 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie uthabiti wa njia iliyotumika kuutengeneza, kuutunza na kuuwasilisha. Mawakili, kitumieni. Taarifa ya muamala ikiletwa, rekodi ikiletwa, alama ya mashine ikiletwa, ulizeni: imetengenezwaje? Nani aliukagua mfumo, na lini? Msione haya kuuliza kwa sababu hamkusoma kompyuta. Mheshimiwa hakimu naye hakusoma, na anahitaji uulize.

Nchi za Ulaya zimeamua kwa sheria. Kanuni yao ya akili unde ilianza kuwa na nguvu Agosti 2024, utekelezaji ukienda kwa hatua, na imeiweka mifumo ya kusaidia mahakama katika kundi la hatari kubwa. Sisi tusingoje. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, na haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo na inapokea malalamiko. Ni wangapi humu wamewahi kumsaidia mtu kuitumia haki hiyo? Naona mikono michache sana. Hiyo ndiyo kazi ninayowaomba muanze nayo Jumatatu.

Haihitaji wakili wala ada. Yule kijana wa Chumbageni akija ofisini, mwandikieni barua ya ukurasa mmoja. Jina lake, tarehe aliyokataliwa, namba ya maombi kama ipo. Kisha mwandike hivi: "Naomba kuelezwa kwa maandishi, kwa Kiswahili, ni taarifa zangu zipi zilizotumika kufikia uamuzi huu, ni ipi kati ya hizo iliyosababisha nikataliwe, naweza kuirekebisha wapi kama si sahihi, na ni mtu gani, kwa jina na cheo, aliyeupitia uamuzi huu kabla haujanifikia. Kama hakuna aliyeupitia, naomba apatikane wa kuupitia." Ipelekeni kwa mkono, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Wakikaa kimya, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo inayokwenda Tume.

Vielelezo vya barua hii nimeviacha kwa katibu pale mlangoni, kila wilaya ichukue. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa waanze wasaidizi wa kisheria wa vijijini.